Shibiri Moja Juu ya Mstari

Bi Fimbo alisimamisha fimbo ya vipimo juu ya kizingiti, akaikaza kwa mikono miwili isiyumbe, akageuza uso pembeni kama mtu anayepigwa picha asiyoitaka. Ng'ambo ya uwanja mpimaji aliinama kwenye darubini yake. Akasoma, akasoma tena, kisha akaandika kwa penseli.

"Ngapi?" aliuliza mwenye nyumba, ambaye alikuwa dada wa mpimaji huyo, wa tumbo moja.

"Subiri nimalize hesabu, dada."

"Hesabu utamaliza kesho. Sema ngapi."

Watu walimwita mpimaji huyo Pimamaji kwa sababu ya kile kifaa kidogo cha kupimia usawa alichotembea nacho mfukoni, chenye kipovu ndani ya kioo. Akikaribishwa chai, kwanza alikilaza mezani aone kama meza imekaa sawa. Katika mtaa ule hakuna meza iliyokaa sawa. Kwa miaka arobaini watu walichimba makaa ya mawe chini yake, wakaacha nguzo za makaa zisimame gizani zibebe paa la mgodi, na juu ya paa hilo ndiko zilikokuwa nyumba, shule na njia. Mgodi ulipokaribia kufungwa, wenye nao waliona ni hasara kuacha makaa yote yale chini. Wakaamuru nguzo zing'olewe, moja baada ya nyingine, kwa kurudi kinyumenyume. Ardhi ya juu ilitulia mwaka mmoja, kisha ikaanza kutitia. Haikuporomoka. Ilishuka polepole kama godoro chini ya mtu mnene, mpaka mtaa mzima ukawa shimo pana lenye kingo laini, na wenyeji wakaliita Bakuli.

Upande wa juu wa Bakuli ulipita mto, na kila baada ya miaka michache mto huo ulishuka mjini na kuua. Ndipo likapatikana wazo ambalo kila aliyelisikia alikubali kwamba ni zuri: kwa kuwa Bakuli lipo, litumike. Kati ya mto na Bakuli likajengwa tuta lenye lango la chuma. Mto ukijaa, lango lifunguliwe, maji yamwagike humo, mji upone. Kilichobaki ni kujua maji yatakomea wapi. Wakachora mstari mwekundu kwenye ramani. Mwenye kizingiti kilicho chini ya mstari alipewa nyumba mpya mlimani. Mwenye kizingiti kilicho juu ya mstari alibaki.

"Uko juu," Pimamaji alisema hatimaye. Alisema kwa sauti ndogo, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. "Sentimita ishirini na mbili."

Dada yake alitandaza kiganja, akakibandika kwenye mwimo wa mlango, kidole gumba chini na kidole cha mwisho juu.

"Hii hapa," alisema. "Shibiri moja. Shibiri moja ndiyo inayonibakiza humu?"

"Ndiyo, dada."

"Mdogo wangu. Angalia huu mlango. Haufungi tangu mwaka juzi. Usiku nausukumia kiti. Ukuta wa chumbani unapitisha mkono. Shemeji yako hawezi kutoka kitandani, kwa hiyo nalala chini ya ukuta huo huo na yeye. Tafadhali. Ishirini na mbili tu. Ziandike upande wa pili."

"Siwezi."

"Nani atajua? Bi Fimbo, wewe utajua?"

"Mimi nashika fimbo tu, dada yangu. Macho ya kusoma ni ya mwenye darubini," alijibu Bi Fimbo, akatazama mawingu.

Kwenye ua na madirisha ya jirani watu walikuwa wamesimama wakijifanya wanaanika nguo. Walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba siku Pimamaji atakapofika kwa dada yake, darubini itapata chongo. Alilijua hilo, na labda ndilo lililomfanya aseme kwa ukali kidogo kuliko alivyokusudia:

"Kipimo ni kipimo, dada. Nikikupunguzia wewe shibiri, kesho yupo wa kupunguziwa dhiraa. Tafadhali zako haziwezi kuinamisha ardhi."

Kutoka chumbani kikasikika kicheko, kikafuatwa na kikohozi kirefu kilichokwaruza.

"Shemeji!" sauti iliita. "Umekuja kunipima jeneza? Usisahau mabega, bado ni mapana! Na huyo mwanamke mwache aombe. Sauti yake huwa nzuri akiomba."

Shemeji alikuwa mchimbaji, tena wa kundi la mwisho, wale waliong'oa nguzo. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa na miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Kilichobaki kizima ni ulimi. Kwa miaka mitatu mke wake alimgeuza, alimwogesha, alimlisha kwa kijiko, na kwa miaka mitatu yeye alimlipa kwa utani wa namna hiyo. Pimamaji hakuwahi kumhukumu. Alijiambia kwamba mtu akilala kitandani muda mrefu ni lazima atafute cha kuchezea.

Alikunja miguu ya darubini, akaenda nyumba iliyofuata.

*

Pimamaji hakusomea upimaji darasani. Alianza akiwa mbeba vyombo wa mpimaji wa mgodi, akajifunza kwa kutazama, na mengine akayatoa kwenye vitabu vilivyotupwa ofisi ilipofungwa. Mpimaji yule wa zamani alikuwa amemwachia kanuni moja. Kwenye ngazi ya ofisi ya mgodi palipigiliwa msumari wa shaba ambao urefu wake kutoka usawa wa bahari uliandikwa ukutani kwa rangi nyeupe. Anzia msumarini, alimwambia, zungukia unakotaka, malizia msumarini. Hesabu ya kurudi ikikutana na ya kwenda, lala usingizi.

Msumari wenyewe haukuwa na shaka. Sheria ya mgodi ilisema chini ya ofisi nguzo haziguswi, kwa hiyo Bakuli lote lilishuka lakini ofisi ilibaki pale pale, ukingoni, na msumari wake. Kila jioni hesabu za Pimamaji zilikutana hadi milimita. Alilala usingizi.

Nyumba mia moja na sita zikahamishwa. Kumi na nne zikabaki juu ya mstari, zikiwa zimeshika ukingo wa Bakuli. Dada yake hakumlaumu tena. Alifunga nguo zake kwenye begi la kamba, akaliweka nyuma ya mlango, na kila aliyemuuliza begi la nini alimjibu, "La kwenda juu." Pia alileta matofali makubwa ya saruji akayapanga uwanjani, ya kuegemeza ule ukuta uliopasuka, lakini hakupata fundi aliyekubali kuusogelea.

*

Mvua zilipokuja hazikuja kwa adabu. Zilinyesha siku tisa. Siku ya kumi asubuhi mto ulikuwa umepanda hadi kifuani mwa lango, na mhandisi aliyesimamia lango, mwanamume mwenye buti za mpira na macho mekundu, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba saa nane mchana atafungua.

Ndani ya Bakuli palikuwa tayari pamesimama maji ya mvua peke yake, dimbwi kubwa lililotulia, kutoka langoni mpaka chini ya nyumba za ukingoni. Saa nne Bi Fimbo alimpigia simu Pimamaji.

"Mzee, hebu njoo. Mimi sijui kusoma darubini, lakini kigingi najua kukisoma."

Alimkuta amesimama matopeni, magoti yamelowa, mbele ya kigingi kimoja kati ya vile ambavyo Pimamaji alivisimika ukingoni na kuvipima mwenyewe kutoka msumarini. Maji yaligusa kigingi penye alama ya mita nne na sentimita thelathini.

"Nimetoka langoni sasa hivi," alisema Bi Fimbo. "Kule kwenye nguzo ya lango, maji hayo hayo yanasoma mita tatu."

"Mita tatu na ngapi?"

"Mita tatu kamili. Dimbwi ni moja, mzee. Maji yaliyotulia hayana mlima."

Pimamaji alitoa kile kifaa chake cha kipovu mfukoni, akakitazama, akakirudisha. Vipimo vya lango, navyo vya kutoka usawa ule ule wa bahari, vilifanywa na watu wa mjini, walioanzia kwenye mwamba ng'ambo ya mto, mahali ambapo hapajawahi kuchimbwa. Vyake vilianzia msumarini. Mwamba haushuki. Basi ulioshuka ni msumari, mita moja na sentimita thelathini, pamoja na ngazi, ofisi na maandishi meupe ukutani. Kila alichokipima kutoka pale kilikuwa chini zaidi ya alivyoandika. Na hesabu zilikutana kila jioni kwa sababu alikuwa akitoka kwenye kosa na kurudi kwenye kosa hilo hilo.

Alikimbia hadi langoni. Hakuwa mtu wa kukimbia, na watu waliomwona walijua kuna jambo.

Mhandisi alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Nyumba ngapi?"

"Kumi na nne, bosi. Tulizosema ziko juu. Zote zitaingia maji."

"Tulizosema?"

"Nilizosema."

"Mjini kuna watu elfu arobaini," alisema mhandisi. "Mto hauulizi ulipima vipi. Saa nane ni saa nane. Nakupa pikapu moja na vibarua wawili. Maji yatakaa siku mbili, kisha tutayatoa. Na ukimaliza, huu mkanganyiko wako usiuandike popote mpaka nikuambie."

*

Mtu mwingine angeanzia kwa dada yake. Pimamaji alikaa ndani ya pikapu, akafungua kitabu chake, akapanga nyumba kumi na nne kwa hesabu, kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, kwa kuwa ya chini ndiyo itakayoingia maji kwanza. Ya dada yake ilikuwa ya mwisho. Aliona, akafikiri kidogo, akaacha hivyo hivyo. Alikumbuka wale waliokuwa wakianika nguo.

Watu hawakutoka kwa urahisi. Mwanamke mmoja alimtemea mate kwenye kitabu. Mzee mmoja alitaka kwanza aonyeshwe mlango wake ulivyoandikwa, na alipoonyeshwa akasema, "Umeniandika mkavu mwenyewe, sasa unanitoa mwenyewe. Wewe ni mpimaji au mpiga ramli?" Walipofika nyumba ya kumi na nne ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini na tano.

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, begi begani. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Kwa hiyo sikuwa juu," alisema.

"Hukuwa juu, dada. Nisamehe. Msumari ulishuka. Chini ya ofisi hapakuguswa, ndivyo tulivyojua wote."

Kutoka kitandani kikaja kile kicheko.

"Wote nani?" aliuliza shemeji. "Mimi nilipagusa kwa mikono yangu. Wiki mbili za mwisho, watu sita, tuliitafuna ile nguzo ya ofisi mpaka ikawa kama kiini cha tofaa. Tuliambiwa tufunge midomo, tukafunga. Wenzangu watano wamekwenda na siri hiyo kaburini."

Pimamaji aliingia chumbani. Kitanda cha chuma kilikuwa chini ya ule ufa, na ndani ya ufa mliingizwa matambara.

"Shemeji, ulijua? Siku ile napima, ulijua?"

"Hukuniuliza."

"Dada alikuwa ananiomba pale mlangoni!"

"Nilisikia. Alisema tafadhali mara moja tu, lakini alikuita mdogo wangu, akataja mlango, ukuta na mimi mgonjwa, vyote kwa pumzi moja. Nikasema, kumbe huyu anajua kuomba. Mimi hajawahi kuniomba kitu." Alikohoa, akajifuta midomo kwa shuka. "Alitaka kunipeleka mlimani nikafie kwenye nyumba inayonuka rangi, nimlipie kwa kufa mapema ili abaki na dirisha lenye mandhari. Mimi nafia hapa. Na yeye anikalie hapa. Ndivyo nilivyoamua, na kipimo chako kitakatifu kikanisaidia."

Mwanamke alikuwa amesikia yote. Aliweka begi chini, akaingia, akamtazama mume wake kama mtu anayekagua chombo kabla ya kukirudisha dukani. Kisha akawageukia wale vibarua wawili.

"Bebeni lile sanduku la nguo na jiko. Begi nabeba mwenyewe."

"Na mgonjwa, mama?" aliuliza kibarua mmoja.

"Mgonjwa yuko juu ya mstari," alisema. "Muulizeni mdogo wangu. Imeandikwa."

"Dada, usiseme hivyo," alisema Pimamaji. "Nisaidie tumtoe. Wewe anakusikia."

"Tafadhali zako haziwezi kuinamisha ardhi," alijibu dada yake, akatoka, akapanda mbele kwenye pikapu, akapakata begi.

Walijaribu. Vibarua walimshika mabegani na miguuni, na shemeji akakamata vyuma vya kitanda kwa ngumi mbili zilizokuwa zimeng'oa nguzo. Walipozibandua, akashikwa na kikohozi kilicholeta damu, na kibarua mdogo akamwachia kwa woga. Wakajaribu kumtoa na kitanda chake. Mlango uliokwisha pinda pamoja na nyumba haukukipitisha, si kwa ubavu wala kwa kichwa. Nje dereva alianza kupiga honi.

Pimamaji alisimama katikati ya chumba, akafumba macho. Mita moja na thelathini, toa ishirini na mbili. Maji yatasimama mita moja na sentimita nane juu ya sakafu hii. Kitanda sentimita arobaini na tano, godoro kumi na tano.

"Leteni yale matofali ya uwanjani," alisema. "Matatu kila mguu."

Waliinua kona moja moja. Shemeji alipanda juu kidogo kidogo, akicheka na kukohoa, mpaka akawa usawa wa vifua vyao. Pimamaji alipima kwa futi ya chuma kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Mita moja na ishirini. Akapima tena. Akalaza kile kifaa cha kipovu kwenye chuma cha kitanda, akaongeza kipande cha kigae chini ya mguu mmoja, kipovu kikakaa katikati.

"Sentimita kumi na mbili zitabaki kavu," alisema. "Usijigeuze. Kesho asubuhi nakuja na mtumbwi."

"Kumi na mbili," alisema shemeji. "Umenipunguzia kutoka shibiri. Niachie redio."

Alimwachia redio na chupa ya maji, akavifunga kwa kamba kwenye chuma. King'ora cha lango kililia walipokuwa wanapanda mlima. Dada yake hakugeuka. Pimamaji, nyuma pamoja na sanduku na jiko, aliyaona maji yakiingia Bakuli, ya kahawia, mapana, bila haraka, kama yaliyoelekezwa njia na mwenyeji.

*

Mji ulipona. Hakuna hata duka moja lililolowa. Siku ya pili mhandisi alimshika Pimamaji mkono mbele ya watu, akamwambia Bakuli limefanya kazi kama lilivyochorwa.

Mtumbwi ulikuwa umekataliwa kuingia asubuhi ile ya kwanza. Maji yalikuwa bado yanazunguka na mhandisi hakutaka kupoteza mtu wa pili. Pimamaji na vibarua walifika kwenye nyumba ile maji yakiwa yamekwisha shuka magotini. Shemeji alikuwa kitandani, hajajigeuza. Matofali hayakuwa yamesogea. Redio ilining'inia kwenye kamba yake. Godoro lilikuwa limelowa lote, na shuka, na nywele, na kinywani mwake mlikuwa na tope.

Walipokwisha kumtoa, jambo ambalo sasa liliwezekana kwa watu wawili, dada yake Pimamaji alikuja kutoka mlimani. Alikuwa na fimbo ya vipimo. Alikuwa ameichukua kwa Bi Fimbo bila kuomba.

"Weka darubini yako pale uwanjani," alimwambia mdogo wake.

"Dada, leo hapana."

"Weka."

Aliweka. Yeye akasimamisha fimbo sakafuni, mahali kilipokuwa kitanda, karibu na ukuta wenye alama ya tope iliyonyooka kama iliyopigwa kwa uzi. Ufa ulikuwa umepanuka. Sasa ulipitisha kichwa. Sakafu ya upande ule ilikuwa imelala chini, na kizingiti kilichokuwa juu ya ardhi sasa kilikuwa sawa nayo.

"Imetitia tena," Bi Fimbo alisema chini chini. "Uzito wa maji."

"Alama ya tope," alisema dada yake, kidole kwenye fimbo. "Soma."

"Mita moja na thelathini."

"Wewe ulisema ngapi?"

"Mita moja na nane."

Dada yake alitandaza kiganja ukutani, kidole gumba pale maji yalipotakiwa kukomea. Kidole cha mwisho kiligusa tope. Alikaa hivyo kwa muda, mkono umetandazwa, kama anayepasha ukuta moto.

"Na kizingiti," alisema. "Kutoka kwenye mwamba wa ng'ambo, si kutoka kwenye msumari wenu. Niko juu ya mstari, au niko chini?"

Mhandisi alikuwa amekataza chochote kisiandikwe. Pimamaji alitazama kitabu, akatazama mkono wa dada yake.

"Uko chini, dada."

"Andika."

Aliandika. Yeye akaja, akasimama begani kwake, akamsubiri amalize tarakimu ya mwisho, akaona penseli imefifia.

"Kaza," alisema. "Isomeke."